Nothobranki katika Tangi la Nyumbani: Ufafanuzi wa Ufugaji wa Samaki wa Madimbwi ya Msimu wa Pwani ya Tanzania

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna ya kumfuga nyumbani nothobranki, samaki mdogo wa maji baridi apatikanaye katika madimbwi ya msimu ya pwani ya Tanzania. Hoja inayoongoza ufafanuzi ni kwamba samaki huyu hafugwi kama samaki wengine. Kinachodumu ni yai lililo udongoni, wala si samaki mwenyewe; hivyo mfugaji hulazimika kufuga mzunguko mzima wa mvua na kiangazi. Aidha, makala yanaonesha kwa nini kumbukumbu ya mahali alikovuliwa samaki huyu ni sehemu ya ufugaji wenyewe.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina msamiati mpana wa samaki. Mvuvi wa Kilwa au muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam, hutofautisha changu na kolekole, nguru na jodari, bila hata kufikiri. Kwa upande wa maji baridi wapo perege, kambare, kamongo, ningu, furu na sangara. Hata hivyo, msamiati huo umejengwa na chungu na soko. Samaki asiyeliwa wala asiyeuzwa mara nyingi hukosa jina lake mwenyewe, akajumuishwa tu katika "visamaki".

Nothobranki ni mmoja wa visamaki hao. Mwandishi wa makala haya alikutana naye kwa njia ya istilahi: katika kutafiti maneno ya elimuviumbe yanayohusu ukuaji wa kiinitete, ilidhihirika kuwa haiwezekani kupima ufaafu wa istilahi kama "ubwete" bila kuielewa hali inayotajwa nayo. Na hakuna mahali ambapo hali hiyo huonekana kwa urahisi zaidi, kwa macho matupu na kwa gharama ndogo, kuliko katika tangi la kioo na kopo la nyuzi za nazi lililo kando yake. Kwa kuwa wasomaji wengi wa tasnifu za Kiswahili ni wanaisimu na wanafasihi, ufafanuzi unaofuata haudhanii kwamba msomaji amewahi kufuga samaki.

Jina "nothobranki" ni utohozi wa jina la jenasi, Nothobranchius, ambalo kwa asili yake ya Kigiriki lina maana ya matamvua bandia. Limetumika hapa kwa kukosekana jina lililozoeleka. Iwapo lipo jina la mtaani au la kijiji katika Rufiji, Bagamoyo au Unguja, hilo ndilo litakalofaa kupewa kipaumbele juu ya utohozi.

2.0 Samaki na dimbwi lake

Katika mwambao wa Tanzania mvua za vuli hunyesha takribani Oktoba hadi Desemba, na za masika Machi hadi Mei. Mvua hizo hujaza mabonde ya tambarare yenye udongo mzito, mashimo ya kando ya barabara na pembezoni mwa mashamba ya mpunga. Baada ya wiki au miezi michache maji hukauka, ardhi hupasuka, na ng'ombe hupita juu yake. Mvua inaporudi, katika dimbwi lisilounganika na mto wowote huonekana tena samaki. Mtu anayeliona jambo hilo bila kujua asili yake ana haki ya kudhani kwamba samaki wameshuka na mvua.

Samaki wenyewe ni wadogo: aghalabu urefu wa sentimita nne hadi saba. Dume ana rangi kali, nyekundu, buluu au manjano kulingana na spishi, ilhali jike ni wa kijivu au kahawia hafifu. Spishi zinazojulikana ni zaidi ya 70, na nyingi ni za Afrika ya Mashariki. Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi na Pfeffer mwaka 1893, ni wa Unguja. N. korthausae alielezwa mwaka 1973 kutoka kisiwa cha Mafia. N. eggersi ni wa bonde la Rufiji. N. palmqvisti hupatikana kaskazini mwa pwani ya Tanzania na kusini mwa pwani ya Kenya, na N. melanospilus ana eneo pana zaidi. Msomaji aone jambo moja katika orodha hii fupi: ukimwondoa huyo wa mwisho, kila mmoja amefungwa na bonde, kisiwa au kipande cha pwani. Dimbwi likifukiwa ili kujengwa nyumba au kituo cha mafuta, si tu kwamba samaki kadhaa wamekufa. Huenda kundi zima lenye sura yake limekwisha. Katika mji unaopanuka kwa kasi kama Dar es Salaam, ufukiaji wa mabonde si jambo la kubuni.

Ni muhimu kumtofautisha nothobranki na samaki wengine wawili wanaojulikana kwa kustahimili ukame. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa na huweza kujikokota juu ya ardhi yenye unyevu kutafuta maji mengine. Kamongo hujichimbia matopeni, akajizungushia utando wa ute uliokauka, na kusubiri humo akiwa hai mpaka mvua. Nothobranki hana njia yoyote kati ya hizo. Dimbwi likikauka hufa, mkubwa kwa mdogo. Aliyevuka kiangazi ni mtoto wake, ambaye hajazaliwa.

3.0 Ubwete wa kiinitete

Katika kutaga, dume humfunika jike kwa pezi lake la mgongoni na kumkandamiza kwenye sakafu ya dimbwi. Yai moja hutoka, hurutubishwa na kuzama katika tope la juu. Kitendo hiki hurudiwa mara nyingi kwa siku. Yai lina kipenyo cha takribani milimita moja na ganda gumu kuliko la samaki wa kawaida. Ganda hilo, pamoja na unyevu mdogo unaobaki ndani ya udongo wa mfinyanzi, hulilinda dhidi ya kukauka kabisa.

Linalotokea ndani ya yai ndilo kiini cha mada hii. Wourms, katika kazi zake za mwaka 1972 kuhusu samaki wanaoishi msimu mmoja, alibainisha vituo vitatu ambapo ukuaji huweza kusimama. Kituo cha kwanza huja mapema sana, seli zikiwa zimetawanyika na umbo la kiinitete halijaanza. Cha pili huja pale ambapo umbo limekwisha kuonekana na moyo umekwisha kufanyika. Cha tatu huja mwishoni: samaki mchanga amekamilika, macho yanaonekana kupitia ganda, na anachongoja ni maji tu.

Si mayai yote husimama katika vituo vyote, wala hayakai humo kwa muda uleule. Mayai ya jike mmoja, yaliyotagwa siku moja na kulala katika kiganja kimoja cha udongo, huweza kutofautiana kwa wiki au miezi. Mvua ya kwanza ikinyesha kidogo kisha ikakatika, yaliyoanguliwa hufa, lakini yapo yaliyobaki nyuma. Mkulima asiyemaliza mbegu zote kwa mvua ya kwanza ataielewa hesabu hii bila maelezo zaidi.

Kuhusu istilahi, neno "usingizi" ambalo mtu angeshawishika kulitumia linapotosha. Anayelala huamka akiwa yuleyule aliyelala, kamongo analala. Kiinitete cha nothobranki kimesimamishwa kabla hakijawa samaki. Neno "bwete", ambalo tayari linatumika katika sayansi kwa maana ya kutotenda, linabeba dhana hiyo vizuri zaidi, na kwa hiyo "ubwete wa kwanza", "wa pili" na "wa tatu" ndiyo majina yaliyotumika hapa.

4.0 Tangi

Baada ya hayo, tangi lenyewe ni jambo jepesi. Lita 30 hadi 40 zinatosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Uwiano huu si wa mapambo. Dume humsumbua jike bila kukoma, na jike akiwa peke yake huchoka, huacha kula na hufa. Mimea, kipande cha mti au hata chungu kilichovunjika humpa mahali pa kujificha. Mfuniko ni lazima, kwani samaki huyu huruka.

Maji ya bomba yana klorini. Yakiachwa wazi kwa siku moja, hasa yakipulizwa hewa, klorini ya kawaida hutoka. Pale ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kuyaacha wazi hakusaidii, na dawa ya kuondoa klorini inahitajika. Tangi jipya lisiwekwe samaki siku hiyo hiyo. Kinyesi na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu; bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati huchukua wiki tatu hadi sita kujijenga katika chujio. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa linafaa kuliko vifaa vya nguvu, maana dimbwi halina mkondo na samaki huyu hakuzoea kupigana na maji. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki.

Kifaa cha kupasha maji joto, kinachosisitizwa katika vitabu vya Ulaya, hakina kazi pwani. Tatizo la Dar es Salaam ni joto kuzidi. Katika Nothobranchius furzeri, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, imeonekana kuwa samaki waliowekwa katika nyuzi 22 waliishi muda mrefu kuliko waliowekwa katika nyuzi 25. Basi tangi lisipigwe na jua, na liwe katika chumba chenye upepo.

Maradhi yanayowaua nothobranki wengi wa nyumbani husababishwa na kimelea ambaye hufanya ngozi ionekane kama imenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Wafugaji hujikinga kwa chumvi kidogo: takribani gramu moja kwa lita, yaani kijiko kimoja cha chai kwa lita tano. Ni kinga rahisi, na inashangaza jinsi inavyopuuzwa.

Chakula ni viluwiluwi vya mbu, minyoo midogo na wadudu wa majini. Chakula kikavu cha dukani mara nyingi hukataliwa. Uhusiano wa samaki huyu na mbu ulikwisha kutambuliwa zamani: Vanderplank aliandika mwaka 1941 kuhusu nothobranki kama samaki wenyeji wa Afrika ya Mashariki wanaoweza kusaidia kupambana na malaria. Tahadhari moja inafaa kutolewa. Mfugaji asiweke ndoo uani ili mbu wamzalie chakula halafu akaisahau, kwani kiluwiluwi huweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi, na katika mji unaopata milipuko ya dengi hilo ni kosa dhidi ya majirani.

Samaki akitunzwa hivi huweza kuishi miezi kadhaa, wakati mwingine kufikia mwaka. Kisha hufa. Mfugaji asiyejua huona ameshindwa, akatupa maji na kuuza tangi. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ilikuwa bado.

5.0 Usumba na kopo

Katika vitabu vya wafugaji wa Ulaya na Marekani mayai hukusanywa katika peti, udongo wa mimea iliyooza unaochimbwa katika nchi za baridi. Pwani ya Afrika ya Mashariki haina haja nayo. Usumba, yaani nyuzi na unga wa makumbi ya nazi, hufanya kazi ileile na hupatikana popote panapofuliwa nazi. Uchemshwe mara mbili au tatu ili rangi yake ya kahawia na chumvi vitoke, ukamuliwe, kisha utandazwe kwa kina cha sentimita mbili hivi katika bakuli lenye mdomo mpana lililozamishwa tangini. Samaki huliendea lenyewe, kwa kuwa tangi lililobaki halina sakafu laini ya kutagia.

Kila baada ya wiki moja au mbili usumba huondolewa. Humwagwa katika kitambaa, hukamuliwa kwa mkono bila hofu (mayai hayapasuki kwa urahisi), na hutandazwa juu ya gazeti kwa saa kadhaa. Kiwango cha unyevu ndicho kinachohitaji uzoefu. Usumba ulio tayari hautoi tone ukibanwa, lakini ukiugusa shavuni bado ni baridi. Ukiwa majimaji, kuvu hushambulia mayai. Ukikauka kabisa, mayai hubonyea na kufa.

Kutoka hapo huingia katika chombo kilichofungwa. Wafugaji wa nchi nyingine hutumia mifuko ya plastiki. Nchini Tanzania, ambako mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kopo la kioo lenye mfuniko ni chaguo bora na hudumu. Kopo liwekwe gizani, katika joto la kawaida la chumba, kwa muda wa takribani miezi miwili hadi sita. Tofauti ni kubwa kati ya spishi na spishi, na joto huharakisha. Kwa sababu hiyo tarehe peke yake si mwongozo wa kutosha. Mfugaji achukue mayai machache baada ya kila wiki mbili na kuyatazama kwa lenzi kinyume cha mwanga. Yai angavu lisilo na kitu ndani liko katika ubwete wa kwanza au halijaendelea. Lenye mstari hafifu liko njiani. Lenye macho mawili meusi yaliyozungukwa na pete inayong'aa limefika ubwete wa tatu. Hapa ndipo istilahi na kitu hukutana, na mwanafunzi wa sekondari mwenye lenzi ya bei nafuu anaweza kuvishuhudia vituo vyote kwa mpangilio.

Mayai mengi yakishafika hatua ya macho, usumba huwekwa katika chombo kipana na kumwagiwa maji ya baridi kidogo, kina kisichozidi sentimita tano. Maji ya mvua ya kwanza nayo huwa baridi kuliko ardhi. Vifaranga huanguliwa ndani ya saa chache hadi siku moja, na huanza kula papo hapo. Atemia, wadudu wadogo wa maji ya chumvi wanaoanguliwa nyumbani, ndicho chakula cha kuaminika. Wakiloweshwa kabla ya wakati, baadhi hushindwa kujaza kibofu cha hewa na hujikokota chini kwa tumbo. Hao hawaponi. Usumba uliobaki usitupwe kamwe: ukamuliwe tena, ufungwe tena, na uloweshwe tena baada ya wiki kadhaa, kwa ajili ya mayai yaliyochelewa kwa hiari yao.

Ukuaji wao huwashangaza hata wanabiolojia. N. furzeri porini ameonekana kufikia umri wa kuzaa ndani ya siku 14 tu. Katika tangi huchukua wiki kadhaa, na mzunguko huanza upya.

6.0 Lebo

Linabaki suala ambalo wafugaji wengi hulichukulia kama la karani: maandishi juu ya kopo. Mwandishi wa makala haya analiona kuwa zito kuliko chujio, chumvi na chakula.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Zimbabwe. N. furzeri alivuliwa katika eneo la Gona-re-zhou mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuelezwa kisayansi na Jubb mwaka 1971. Uzao wa samaki hao uliendelezwa kwa miongo kadhaa na wafugaji wa nyumbani, kizazi baada ya kizazi, kabla ya maabara kutambua kwamba mnyama mwenye uti wa mgongo anayezeeka na kufa ndani ya miezi michache ni hazina kwa utafiti wa uzee. Mwaka 2015 jenomu yake ilichapishwa. Uzao huo hadi leo huitwa GRZ, herufi zinazotaja mahali ulikotoka. Kama mmoja tu wa wafugaji hao angewachanganya na samaki wa dimbwi jingine, au angewapa wenzake bila kuandika chochote, lingebaki kundi la samaki wazuri wasiojulikana ni nani. Mfano huo una upande wa pili pia. GRZ ni uzao uliozaliana ndani kwa ndani mno, kiasi kwamba tofauti za kijenetiki ndani yake ni ndogo sana. Tangi la nyumbani linaweza kutunza jina na mstari wa ukoo. Haliwezi kutunza wingi wa tofauti ulio katika bonde lenye samaki maelfu. Anayedai kwamba dimbwi linaweza kufukiwa kwa kuwa samaki wake wako salama kwenye kopo hajaelewa kopo linahifadhi nini.

Lebo, basi, iandikwe spishi (au "spishi haijathibitika", jambo lisilo la aibu, kwani majike wa spishi tofauti hufanana sana), mahali kwa kutaja kijiji na alama za GPS, tarehe ya kuvuliwa, idadi ya samaki waliochukuliwa, kizazi, na tarehe ya kukamua usumba. Samaki wa madimbwi mawili wasiwekwe tangi moja hata kama wanafanana kabisa na yametengana kilomita chache.

Kabla ya kuvua, afisa uvuvi wa wilaya aulizwe. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Zanzibar ina sheria yake. Ndani ya maeneo ya hifadhi hakuna kuchukua kiumbe bila kibali. Katika dimbwi lililoruhusiwa, jozi chache zinatosha, wachukuliwe wachanga walio na maisha mbele yao, na tope la sakafu lisikorogwe, kwa kuwa ndilo ghala la msimu ujao.

Swali la mwisho ambalo mfugaji hukabiliana nalo ni pale anapochoka, anapohama au anapopata uzao kuliko nafasi. Jibu linaloonekana kuwa la huruma, kuwarudisha majini, ndilo baya zaidi. Sangara aliyeingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 alichangia pakubwa kutoweka kwa spishi nyingi za furu, na ingawa nothobranki si mla wenzake wa kiasi hicho, madhara yake huja kwa njia nyingine: maradhi ya tangini yanayoingia dimbwini, na damu ya Rufiji inayochanganyika na ya Ruvu katika mtaro wa Mbagala. Hata kumrudisha samaki katika dimbwi lilelile alikotoka ni hatari iwapo amekaa tangi moja na samaki wa dukani. Samaki na usumba wapewe mfugaji mwingine, shule au maabara, pamoja na lebo. Asipopatikana mpokeaji, samaki waachwe wamalize umri wao tangini, na usumba uchemshwe kabla haujatupwa jalalani.